Friji la Bibi Harusi

Mzee Kigodi, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alikuwa na nyumba tatu na ulimi wa asali. Kila kikao alikifungua kwa kuisifia tovuti moja ya zawadi: unajibu maswali matano, unatuma elfu thelathini ya usafiri kwenye namba ya mwenyekiti mwenyewe, kisha friji jipya linakuja mpaka mlangoni.

"Dada Sikudhani tu ndiye hajajiunga," alilalamika siku moja, akimgeukia. "Msusi mzima unaogopa simu?"

"Jana nimejibu maswali, mwenyekiti. Wameandika nimeshinda friji. Ila mtaani wanasema ni matapeli."

"Wivu huo! Mimi nawajua vizuri."

"Basi friji hilo namwahidi bibi harusi. Katibu, andika."

Wanawake wakapiga vigelegele. Sikudhani akainua mkono.

"Lakini lisipofika Ijumaa nitaumbuka. Nani atanidhamini?"

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti, hasa ya wale waliokwisha kumtumia hela. Mzee Kigodi akamgeukia katibu.

"Niandikeni mimi. Lisipofika, nitatoa langu."

Ijumaa asubuhi vijana wa kamati walilibeba friji la Mzee Kigodi kutoka sebuleni, soda zikiwa bado baridi ndani. Mzee akawafuata mbio hadi barabarani, msuli ukimvuka, akamkuta Sikudhani.

"Wewe! Mbona ile hela ya usafiri sijaiona?"

"Nimeshalipa, mzee," alisema Sikudhani, akikaza kamba. "Mkokoteni wenyewe huu hapa."