Mfuaji wa Chini ya Daraja

"Mvukaji hulisifu daraja, mfuaji hulijua." Mmenisikia nikimwambia hivyo yule kijana aliyekuwa akipiga picha, nanyi mkacheka. Haya, tukae hapa ukingoni, maana matembezi yenu yameyamaliza magoti yangu. Chimbuko la methali hiyo ni hili hili daraja la mawe mlilokuja kulitazama.

Zamani Bi Mnkande alikuwa akifua nguo za watu chini ya tao la kati. Miaka ishirini, mgongo umeinama, miguu ndani ya maji. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanamvua, aliyeposwa na mtu wa ng'ambo ya mto. Mkwe yule Bi Mnkande hakumtaka, wala hakuficha; alilisema kisimani, akalisema gulioni. Mwishowe alikubali shingo upande.

Masika yale mto ulifurika. Maji yalipopungua, alirudi kwenye jiwe lake la kufulia akaona maji yanapita chini ya nguzo ya tao, mahali ambapo zamani hata kidole kisingepenya. Akaingiza mkono, ukazama mpaka begani. Keshokutwa yake bi harusi angevushwa pale, na kijiji kizima nyuma yake na ngoma.

Alikwenda kwa jumbe wa kijiji, Mzee Shekalaghe, akamweleza. Jumbe akatabasamu tu. Watu nao wakasema, "Kaishiwa hila, sasa anasingizia daraja." Ndivyo tulivyo wanadamu. Mtu akishaamua kutokukuamini, ukimwonyesha moshi atasema ni ukungu.

Siku ikafika. Bi Mnkande akasimama hapo daraja linapoanzia, mikono kaitanua, akaziba njia.

"Bi Mnkande, usitutie aibu mbele ya wageni," jumbe alisema. "Daraja hili nimelivuka miaka arobaini."

"Umelivuka, jumbe. Chini yake umewahi kufika?"

Bi Mnkande hakumtazama tena. Alimtazama mwanawe, akiogopa kwamba naye atampita. Mwanamvua akavua viatu, akateremka mtoni na kanga zake mpya, akaupeleka mkono wenye hina chini ya nguzo. Tangu utotoni alisuuza nguo pale, nguzo ile aliijua. Mkono ukazama wote.

"Mama, nisamehe," alisema. "Hata mimi nilidhani hutaki niolewe."

"Mumeo simtaki mpaka sasa. Lakini nakutaka ufike kwake ukiwa hai."

Msafara ukazunguka kwenye kivuko cha juu ya mto, mwendo wa saa mbili katikati ya magimbi na miwa, wakafika wamejaa matope hadi magotini, bi harusi akiwa amemshika mama yake mkono. Jumatatu iliyofuata, mchana kweupe, tao la kati likaporomoka. Juu yake hakukuwa na mtu.

Wakalijenga upya. Tangu hapo, kila masika yakiisha, jumbe alivua makubazi yake akateremka kwa wafuaji kuwauliza hali ya daraja, na aliyemshangaa alijibiwa neno moja tu: mvukaji hulisifu daraja, mfuaji hulijua.