Pilau Chini ya Kanzu ya Fisi

Mwaka ule mvua iliusahau kabisa Mji wa Majani Mapana. Wanyama walikunywa maji ya matope na kuoga kwa maneno. Siku manyunyu yalipoanguka milimani, maji yalishuka mferejini mpaka sokoni, yakakwama. Mfereji ulikuwa umeziba kwa mifuko ya plastiki, ile laini inayoitwa rambo. Kila aliyenunua andazi alipewa rambo, na kila aliyefika nyumbani aliitupa. Basi maji yakageuza njia, yakaingia chumbani kwa Mfalme Simba, yakaondoka na kandambili zake.

Simba, ambaye hakupenda kuonekana pekupeku, akaita baraza.

"Kuanzia leo sitaki kuona rambo," alisema. "Kila mmoja atembee na kikapu chake na bakuli lake. Nitakayemkamata nayo atausafisha mfereji kwa mikono yake."

Wanyama wakanung'unika, halafu wakazoea. Twiga alivaa kikapu shingoni, juu karibu na masikio, ikawa akinunua bamia muuzaji hupanda ngazi. Aliyeshindwa kuzoea ni Fisi.

"Bakuli lina mwisho," alilalamika. "Likijaa, basi. Rambo ikijaa, unafungua nyingine."

Wakauzibua mfereji kwa pamoja, maji yakafika kila mtaa, na Simba akafanya karamu ya kushukuru. Mama Kiboko alipika pilau ya nyama, na hakuna aliyeuliza ni nyama ya nani. Kila mgeni angekula ashibe, kisha ajaziwe bakuli lake moja la kwenda nalo nyumbani.

Fisi alikuja amevaa kanzu pana kama hema. Chini yake alikuwa amejifunga rambo kifuani, kiunoni, mapajani na kwapani. Kila wenzake walipogeuza macho, badala ya kula alimimina sinia zima kifuani. Akanenepa huku wanamtazama. Na kila alipojisogeza, kanzu ilisema: kwacha, kwacha.

Sungura, aliyekaa ubavuni pake, akasimamisha masikio.

"Mjomba Fisi, mbona unalia kwacha kwacha?"

"Magoti, mwanangu. Uzee huo."

"Magoti yananukia bizari?"

"Nimeyapaka dawa."

"Dawa yenyewe ina viazi?"

"Kula chakula chako, Sungura."

Sungura akala tonge moja. Alijua akimshtaki, Fisi angeapa kwa marehemu bibi yake, na Simba asingekubali kumpekua mgeni mbele ya watu. Akainuka, akaenda kumnong'oneza Simba habari ya magoti hayo, na shauri moja. Simba akatabasamu, maana alipenda kuheshimiwa kuliko alivyopenda nyama.

"Sikilizeni," Sungura akatangaza. "Kabla ya kujaziwa mabakuli, tumwinamie Mfalme wetu. Atakayeinama chini kuliko wote atapewa sufuria kubwa lililobaki, pamoja na ukoko wake."

Fisi aliposikia ukoko, mate yakamtoka. Akili ilimwambia akae kitako. Tumbo likamwambia asimame, naye tangu azaliwe hakuwahi kulibishia tumbo.

Wakainama. Pundamilia alifika magotini. Nguruwe alifika kidevuni. Fisi akavuta pumzi, akajikunja mpaka pua ikagusa mkeka, kisha akajisukuma kidogo zaidi.

Paa. Rambo ya kiunoni ikapasuka. Ya kwapani ikafuata. Pilau ikamwagika kwenye mikono ya kanzu, mchuzi ukateremka miguuni, na fupa moja kubwa likabingirika polepole mpaka kwenye kidole cha Simba.

Simba akaliokota lile fupa, akalinusa.

"Fisi," alisema, "magoti yako yametapika."

Wanyama wakacheka hadi Mama Kiboko akaegemea chungu akakivunja. Fisi akatazama chini, masikio yamelala.

"Mfalme, nimekosa. Mfereji nitausafisha. Ila naomba kwanza nijaziwe bakuli langu kama wenzangu."

"Lete hilo bakuli," akasema Mama Kiboko, upawa mkononi.

Fisi akajipapasa kifuani, mapajani, kwapani. Alikuwa amebeba rambo za kutosha mtaa mzima, lakini bakuli hakuja nalo.

Akaenda mferejini na njaa yake, akizoa plastiki iliyosalia kingoni, kanzu yake ikinuka nyama asiyoweza kuila, huku wenzake wakipita na mabakuli yao yanafuka moshi.

Mtaka yote hukosa yote.