Nafasi ya Maiti

Leo nikisema paukwa, itikieni kwa sauti ya chini, maana kisa hiki kina maiti ndani yake.

Katika jangwa la Hijazi palikuwa na kituo cha gari la moshi, siku zile dola ya Waturuki ilipokuwa inachanika kama shuka kuukuu: ukishona huku, kule kunaachia. Wakubwa walikwisha kukimbia. Wakabaki watu watatu. Kadriye, mjane wa mkuu wa kituo, alijua kuni. Akigonga ubao kwa kidole anakwambia utawaka muda gani. Sallum, Bedui mwenye kisima, alijua maji. Na Garabed, fundi wa reli, alikuwa Mwarmeni. Watu wake walifukuzwa makwao na dola hiyohiyo, naye akaachwa hai kwa ajili ya mikono yake tu.

Asubuhi moja likaingia gari la mwisho kutoka kusini, majeruhi wamejaa hadi juu ya mabehewa. Dereva, Tahsini, akashuka uso umemsawajika. Kuni zimekwisha. Maji yamekwisha. Na mbele, maadui walikuwa wamelipua reli. Kesho wangefika hapo kituoni wenyewe.

Akamwendea Kadriye. "Mama, nisaidie kuni. Sitakuacha."

Kadriye alichukua shoka akaanza na mlango wa nyumba yake. "Umezuia wezi miaka ishirini," akauambia mlango, "leo umeshindwa na serikali." Kitanda kikafuata, kisha boriti za paa, nyumba ikabaki kuta. Bado kuni hazikutosha. Akaenda kwenye kaburi la mumewe, akang'oa ubao wenye jina lake, akaugonga kwa kidole. "Huu utawaka vizuri," akasema.

Tahsini akamwendea Sallum. "Mzee wangu, nisaidie maji. Sitakuacha."

"Gari lako lina kiu kuliko ngamia," Sallum akasema, "na maziwa halitoi!" Lakini akateka. Aliteka ndoo kwa ndoo mpaka kamba ikapanda na tope. Kisima kile hakijai tena mpaka mvua, na mvua ilikuwa miezi mitano mbele. Ngamia wake saba wakabaki wakilamba ndoo kavu.

Akamwendea Garabed. "Fundi, nisaidie reli. Sitakuacha."

"Reli nzima ziko nyuma tu," Garabed akasema. "Niking'oa za nyuma nizitandike mbele, utapita. Ndivyo dola yenu ilivyoishi siku zote." Akacheka peke yake. Hakusema kwamba dada yake alikuwa amejificha mji mmoja wa kusini, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akingoja jeshi lipite ili apande kiberenge chake, kigari kidogo cha mafundi wa reli, amfuate kwa reli hizohizo. Aling'oa vipande kumi na vinne. Kiberenge kikabaki kimekaa mchangani, hakina pa kwenda.

Adhuhuri mvuke ukapanda. Tahsini akamwomba afisa aliyesimamia majeruhi nafasi tatu.

"Tatu? Huoni watu wanavyoning'inia?" afisa akafoka. "Kuna moja. Askari mmoja amekufa sasa hivi, tumemshusha. Ukizidisha, hatupandi kile kilima cha mbele. Chagua wewe uliyeahidi!"

Tahsini akageuka. Watatu wote walikuwa wamesimama pale, na wote walikuwa wamesikia.

"Mwanangu," Kadriye akasema, "huo moto ni nyumba yangu."

"Na huo mvuke je?" Sallum akadakia. "Moto bila maji ungekupasulia birika la gari usoni!"

"Chemsheni mtakavyo," Garabed akasema. "Gari lisilo na reli ni jiko tu."

"Wewe nyamaza! Umetukatia njia!"

"Na wewe umetumalizia maji, mzee."

Hapo ndipo Tahsini alipoelewa alichokifanya. Atakayebaki hana paa, hana tone la maji, hana njia. Alivichukua vyote mwenyewe, kwa ahadi moja aliyoiuza mara tatu. Akatamani mmoja wao aseme, "Niache mimi." Hakuna aliyesema. Kwa nini aseme?

Msiniambie ashuke yeye ampishe mmoja, nani ataendesha? Msiniambie wabanane, afisa ameshika bastola, na kilima hakina huruma. Wala msiniletee kura, kura ni kichaka cha mwoga.

Firimbi imelia. Kila anapofikiri, ubao mmoja wa nyumba ya Kadriye unateketea, maji ya Sallum yanapaa hewani, na magurudumu yameanza kusogea juu ya reli za Garabed. Tahsini ametoa mkono mmoja nje. Mikono mitatu imenyooshwa kuupokea.

Haya, ninyi mnaosikiliza: ungekuwa wako mkono ule, ungemvuta nani? Na wale wawili, ungewaambia nini kabla gari halijapata mwendo?