Matango Yaliyonyweshwa na Zimamoto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba kwa nyasi kama babu zetu, kijiji kimoja kiliunda kikosi cha zimamoto. Mkuu wake alikuwa Tembo, na askari wake Nyati na Kiboko. Kazi yao, watoto, ilikuwa nyepesi kuisema: bati likigongwa popote, wachote maji mtoni, wakimbie, waokoe roho kwanza, mali baadaye.

Mwaka huo jua lilikuwa kali na bustani zote zilikauka. Pimbi, mdogo wa mwili na mwepesi wa akili, aliishi juu mlimani, mbali na mto, na matango yake yalikuwa yamelala chini kama kamba. Siku mkewe alipokwenda gulioni, Pimbi alirundika majani mabichi kando ya bustani, akayatia kaa la moto. Moshi ukapanda, fuu! Akagonga bati, nda-nda-nda!

Kikosi kilipanda mlima kikitweta. Pimbi akawaonyesha pa kumwaga: hapa, wazee, na pale kwenye mashina, moto umejificha ardhini. Chubwi, chubwi, mitungi yote ikaisha. Walipoondoka, alicheka hadi akashika mbavu.

Gulio lililofuata alifanya vivyo hivyo, na lililofuata tena. Mkewe aliambiwa kwamba moto wa nyika umepita karibu, naye akamshukuru Mungu. Matango yakanenepa. Ili asihangaike kuomba moto kwa majirani, Pimbi akaanza kuhifadhi makaa katika chungu nyuma ya nyumba.

Mchana mmoja, kikosi kikiwa kimeshateremka na mitungi mitupu, upepo ulichukua cheche kutoka kwenye chungu kile, ukaitua juu ya paa. Ndani alilala kitindamimba wake. Pimbi alijaribu kuingia, moshi ukamrudisha. Akagonga bati, na kila alipogonga alijiambia: hawaji. Ningekuwa wao, nisingekuja.

Walikuja. Kiboko alikuwa akichechemea, na maji waliyowahi kuchota hayakujaza hata nusu ya mitungi. Tembo hakuuliza kitu. Aling'oa paa likiwaka, akaingiza mkonga, akamtoa mtoto akikohoa. Sikio moja la Tembo liliungua. Nyumba iliteketea yote.

Mke wa Pimbi alirudi na kikapu chake, akamkuta mtoto hai. Alilia, kisha akaingia bustanini, akachuma matango yaliyonona na kuwaandalia askari juu ya jani la mgomba.

"Kuleni, wazee wangu," alisema. "Hatuna kingine cha kuwashukuru."

Pimbi alitamani ardhi ipasuke immeze. Tembo alitafuna taratibu.

"Yana maji mengi, mama," alisema.

Kiboko akatazama pembeni. Nyati akanong'ona kwamba yeye hata mto yalikotoka maji hayo anaujua.

Mama alipokwenda kumlaza mtoto kivulini, Pimbi aliuliza, "Mzee, mlijua?"

"Tangu gulio la pili. Moto gani huo, mwanangu, usiounguza hata jani la tango? Tulinyamaza, na hilo ni kosa letu."

"Basi leo mbona mmekuja?"

Tembo aligusa sikio lake, akakunja uso. "Ukiwa kule mtoni, moshi wako wa uongo na moshi wako wa kweli ni rangi moja. Tukianza kukisia, siku moja tutakisia vibaya, na mtoto atakuwa ndani."

Pimbi aliinuka, akamfuata mkewe kivulini na kumweleza yote, pale pale mbele ya wazee. Mkewe alichukua mtungi mmoja mtupu, akamtwika begani, na Pimbi akashika njia ya mtoni.

Basi hadithi yangu imefika ukingoni, watoto, na neno lake ni hili: amchezeaye anayekuja kuokoa, humwaga maji ya mwanawe mwenyewe.