Kimya cha Mzee si Shibe

"Kimya cha mzee si shibe."

Mpishi wa makazi ya wazee ya Kisimeni aliwatupia vijana wa mafunzo maneno hayo walipotoka bwenini wakijisifu kwamba siku hiyo wazee hawakuwa na neno. Walipotaka kujua msemo huo umetoka wapi, aliwaelekeza kwa mwiko: "Kamuulizeni Bi. Eliwaza. Mimi nina ugali motoni."

Bi. Eliwaza, muuguzi mstaafu, alikuwa barazani akishona pindo la shuka. Hakuinua macho.

"Mmesikia kimya, mkafurahi?"

"Si ndiyo vizuri, bibi?" akauliza mmoja wao.

"Vizuri kwa nani? Haya, kaeni. Chanzo cha methali hii ni hiki."

Makazi haya yaliwahi kuwa na mkuu aliyeitwa Nakijwa Mrutu, mwanamke mchapakazi, mpenda usafi, asiyejua kukaa kitako. Kila asubuhi alipita bwenini, viatu vyake vikigonga sakafu, akasimama katikati na kuuliza, "Wazee wangu, mmeshiba?" Nao humwitikia kwa pamoja, "Tumeshiba, mwanetu. Mungu akuzidishie." Hapakuwa na malalamiko. Wageni waliokuja kukagua waliondoka wakimsifu, naye sifa zilimkaa mwilini kama mafuta mazuri.

Mwisho wa baraza, karibu na dawa na muuguzi, palikuwa na chumba cha peke yake. Nakijwa ndiye aliyekitenga, tena kwa wema. Mzee akisema anaumwa, huhamishiwa huko ili aangaliwe kwa karibu.

Ikafika zamu ya wakuu wa makazi ya wazee kuitwa mafunzoni, wajifunze kuboresha malezi. Mkufunzi wao, Mwalimu Mchome, hakuwapa mengi ya kuandika. Aliwaambia, "Kila mmoja arudi kwake akalale bwenini kutwa nzima, kama mzee aliyeletwa leo. Asitoe amri. Tena asiseme hata neno, awe kama aliyepooza ulimi. Halafu mje tuzungumze."

Nakijwa alicheka. "Mwalimu, kwangu nitaambulia usingizi tu. Wazee wangu hawasumbui."

"Basi kalale," akajibu mwalimu.

Akaenda akalala. Alivua viatu vyake, akavaa gauni la bwenini, akajifunika blanketi kwenye kitanda cha pembeni. Bibi wengine walikuwa wametolewa nje kuota jua. Aliyebaki ndani ni Bibi Nakundwa, jirani wa kitanda hicho, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu kiasi cha kutambua mwanga na kivuli tu. Alikuwa amekataa kutoka. Alisema hasikii baridi.

Kitu cha kwanza kumfikia Nakijwa kilikuwa harufu. Alidhani panya amefia chini ya kitanda.

Mhudumu, aliyekwisha kuonywa asimtaje mkuu, akaleta chakula, akakiweka, akaenda zake. Bibi Nakundwa alikaa akisikiliza hadi nyayo zilipopotea. Ndipo akaanza kumega ugali tonge kwa tonge, na kila tonge akalifutika ndani ya kanga yake. Mhudumu aliporudi, sahani ilikuwa nyeupe.

"Umeshiba, bibi?"

"Nimeshiba, mwanangu. Nimeshiba kabisa."

Mhudumu akaondoka ameridhika.

"Mgeni," bibi akanong'ona. "Nasikia unapumua. Wamekuleta leo?" Akangoja. "Husemi? Vizuri, usiseme. Humu ndani ulimi ndio jeneza."

Nakijwa aliuma midomo.

"Ngoja nikufunze kabla hawajarudi. Wakikuuliza unaumwa, sema umeshiba. Wakikuuliza umelalaje, umeshiba. Sahani isirudi na kitu, maana wataanza kukuchunguza. Na akija yule wa viatu, cheka, hata kama huna jino." Akacheka mwenyewe kicheko kikavu, kisha sauti ikashuka zaidi. "Yule ndiye wa kuogopa. Ukisema unaumwa, anakuinamia. Anakuita bibi yangu, sauti imejaa asali. Hapo umekwisha, mwenzangu. Unapelekwa chumba cha mwisho. Namsifu alisema kiuno. Tulimsikia akienda huku anaongea. Tukamsikia akitolewa, hana tena la kuongea. Sifaeli naye akasema kifua, akapita njia ile ile. Yule mama anawachukua wanaosema."

Nakijwa alimkumbuka Namsifu. Alikuwa amembeba kwa mikono yake mwenyewe, akidhani anamwokoa, na ugonjwa wakati huo ulikwishamla hadi ndani. Sifaeli vivyo hivyo. Kumbe kila mgonjwa alipopitishwa, bweni zima lilikuwa limetega masikio, likihesabu nani kasema nini.

Bibi Nakundwa akajaribu kugeuka. Maumivu yakampata, akaiuma kanga kwa meno asipige kelele. Nguo ikamteleza mguuni. Nakijwa akauona mguu: vidole vimekuwa vyeusi, na kidonda kimepanda hadi kwenye kisigino, kimefungwa kitambaa kilicholowa.

Hofu ikamshika pande zote. Akinyamaza, kidonda kitammaliza bibi. Akisema, bibi ataijua sauti yake, sauti ile ile ya asali. Alifikiri kutoka polepole amtume muuguzi, lakini muuguzi akija bila kuitwa, bibi atajua amesalitiwa, na bweni halitafumbua mdomo tena.

"Bibi Nakundwa," akasema.

Bibi akaganda. Pumzi yenyewe ilisimama. Kisha uso wake ukafanya jambo ambalo Nakijwa hakulisahau maisha yake yote: ulitabasamu. Mkono ulivuta kanga kufunika mguu, machozi yakimtiririka, na bado akitabasamu.

"Nimeshiba, mama mkuu. Nimeshiba sana."

"Sikupeleki popote, bibi."

"Nimeshiba. Mguu huu ni wa zamani tu, hauumi."

Nakijwa akashuka kitandani, akapiga magoti sakafuni. "Muuguzi atakuja hapa hapa, kitanda ni hiki hiki. Nami nitabaki."

"Namsifu ulimchukua wewe?"

"Mimi."

"Ulimuua?"

"Sikumuua, bibi. Lakini nilimfikia nimechelewa. Aliogopa kuniambia mapema, na aliyemtisha ni mimi."

Bibi hakuiachia kanga.

"Basi njoo kesho."

"Kesho mguu hautatungoja."

"Mlango usifungwe," bibi akasema hatimaye. "Wenzangu waone."

Mlango haukufungwa. Bibi wengine waliitwa, wakazunguka kitanda, wakamwona muuguzi akisafisha kidonda palepale. Vidole havikuokoka vyote, ila Bibi Nakundwa aliokoka. Baada ya hapo vitanda vyote vilikaguliwa kwa upole, mmoja baada ya mwingine, na yaliyopatikana yaliwaliza hata wahudumu: vidonda vilivyofichwa, na ugali uliokauka ndani ya foronya. Bibi aliyekuwa akiitikia "tumeshiba" kwa sauti kubwa kuliko wote alikutwa na uvimbe usio na tiba tena.

Nakijwa akarudi mafunzoni. Mkuu wa makazi mengine alikuwa akieleza, amejiegemeza kitini: "Mimi kusema kweli sikulala bwenini, sikuona haja. Kwangu wazee wametulia kama maji mtungini."

Nakijwa akasimama. "Ndugu yangu, usingoje mafunzo yaishe. Rudi leo. Kimya cha mzee si shibe."

Ukumbi mzima uliinamia meza, kila mkuu akilisikiliza bweni lake kutoka mbali. Wengine hawakungoja hata chai.

Bi. Eliwaza akakata uzi kwa meno. Nyuma ya vijana bweni lilikuwa limetulia, hata kikohozi hakisikiki.

"Bibi," akasema yule kijana aliyekuwa mbele kujisifu, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Yule mzee wa kitanda cha dirishani... asubuhi nilimuuliza kama anaumwa mahali."

"Akakujibuje?"

Kijana alikuwa amekwisha kusimama.

"Akasema ameshiba."

Bi. Eliwaza akaweka shuka chini, akashika fimbo yake, wakaongozana naye kuelekea bwenini, na hakuna aliyehitaji tena kuelezwa kwamba kimya cha mzee si shibe.