Nyenje Tumboni mwa Zimwi

Sogeeni, wanangu, ngano inakuja! Nanyi itikieni: na ije, tuisikie!

Hapo kale zimwi lilihamia msitu wa mivule, likawa linameza sauti za watu. Kadzo, binti wa Mbodze mfinyanzi, aliingia kuokota kuni, akarudi bubu. Mbodze alilia weee, kisha akajifunga kibwebwe, akaingia msituni.

Chini ya mvule alimkuta nyenje mdogo, ndiyo kwanza anatoka ardhini.

"Mama, nipandishe mtini," nyenje akaomba. "Nimekulia gizani nikifyonza mizizi. Nikivua gamba langu, nitaimba."

Mbodze akampandisha taratibu. Gamba likapasuka mgongoni, mbawa zikachomoza, zikakauka juani.

Mara zimwi hilo! "Nani kaingia kwangu?"

"Ni mimi. Nirudishie sauti ya mwanangu!"

Zimwi likaachama limmeze. Nyenje akaimba: nyiiii! Zimwi likamdaka, likammeza, akaimbia tumboni. Kumbe mtini walikuwepo nyenje wengine: akaimba wa pili, likammeza. Akaimba wa tatu, likammeza naye. Tumbo likavuma kama ngoma ya harusi. Zimwi likagaragara, likatapika: nyenje wakaruka wazima, na sauti zote zikatoka mbio kurudi kwa wenyewe. Zimwi likatokomea moja kwa moja.

Mbodze alipofika nyumbani, Kadzo alimpokea mlangoni. "Mama! Ulikuwa wapi? Yaani hujui…" Akasimulia, akasimulia, na mama yake, sima ikiwa jikoni, akamsikiliza akitabasamu mpaka ikaungua.

Mzigo wangu wa maneno nimeutua. Mwenye nguvu aubebe kwao.