Mshairi Aliyeogopa Kimya

"Kimya cha ugenini usikipime kwa kibaba cha kwenu." Haya, nimemwambia Nasra maneno hayo, kwa kuwa analia eti wakwe zake wamekula pilau lake bila kusema neno, na sasa nyote mwanikodolea macho mkitaka kujua nimeyatoa wapi. Vitabuni hamtayaona, msijisumbue. Ni methali ya nyumba hii, na ilianza hivi.

Nilikuwa nasoma Marekani, chuo kikuu kimoja cha kaskazini, baridi ya kung'oa meno. Akaalikwa mshairi kutoka Hyderabad, India, Mzee Tajammul, aje kutoa mhadhara na kusoma mashairi yake. Mimi nikapewa kazi ya kumpokea. Wallahi, wasiwasi wa mzee yule sijapata kuuona! Chai hainyweki, mkoba haumtoki mkononi. Njiani akaniambia sababu. Mashairi aliyatunga yeye kwa Kiurdu, lakini aliyeyatia Kiingereza ni bintiye, Shaista, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kwa Kiingereza hayakuwa yamesomwa popote.

"Leo ndipo nitajua kama kazi ya mwanangu itaishi," alisema.

Sasa sikilizeni desturi ya kwao. Mshairi akisoma, watu hawakai kama magunia. Mstari ukiwakuna wanapaza sauti, "Wah! Wah!", na wanamtaka aurudie hata mara tatu. Wakinyamaza, ujue shairi limekufa.

Akaanza. Ukumbi umejaa, watu kama mia mbili. Shairi la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akasoma mstari ambao mpaka leo naujua kwa moyo: "Kila asubuhi naosha vikombe viwili, kimoja hakijachafuka." Akatua, akangoja. Hata kikohozi! Mimi roho juu. Akaendelea mbio mbio kama anayefukuzwa, kisha katikati ya shairi akazikunja karatasi, akasema, "Samahani, nimewachosha," akashuka jukwaani.

Nikamdaka nyuma ya pazia.

"Niondoe hapa, binti. Wamemkataa Shaista wangu."

"Hawakumkataa, baba! Hawa ndivyo wanavyosikiliza. Kwao kumkatiza msomaji ni kukosa adabu."

"Usinifariji. Nimesoma mbele za watu miaka arobaini. Kimya nakijua."

"Unakijua cha kwenu!" Ukali ulinitoka bila kutaka. "Hebu chungulia. Nani ameondoka?"

Akachungulia. Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja safu ya mbele alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya skafu. Basi mimi, Mtanga nisiye na haya, nikapanda jukwaani nikawaeleza: kwao mgeni wetu, mstari ukikugusa unaomba urudiwe, mkinyamaza, anajua mmemkataa. Looh, walivyoshtuka! Yule mama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Tafadhali," akasema, "arudie vile vikombe."

Mzee akarudi, akasoma. Sauti ikatoka nyuma, "Tena!" Akasoma tena, machozi yakimtiririka wala hayafuti, kisha akalitaja jina la aliyeutia mstari ule Kiingereza. Ukumbi mzima ukasimama.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege alinishika mkono. "Binti," akasema, "kidogo tu nimzike mwanangu mara ya pili, kwa kukipima kimya chao kwa kipimo cha kwetu." Kibaba nilikitia mimi, maana huko kwao sijui wanapimia nini.

Haya, Nasra, futa kamasi unijibu. Hao wakwe walikula kimya, sawa. Sahani zilirudi na nini?

"Zilirudi tupu, shangazi. Na baba mkwe aliomba ukoko."

Aliomba ukoko, na wewe unalia! Mwanangu, kimya cha ugenini usikipime kwa kibaba cha kwenu.